Kopo la Ami

Hapa Jersey City, jimbo la New Jersey, Marekani, nafanya kazi ya usiku kwenye duka la mikate pamoja na Mmisri mmoja mtu mzima. Namwita Ami, kama tunavyomwita ndugu wa baba kwetu Tanga, naye huitika bila kushangaa, maana neno lenyewe ni la kwao.

Juzi, tukingoja unga uumuke, alinionyesha picha kwenye simu: kopo la bomu la machozi aliloliokota karibu na uwanja wa Tahrir, Cairo, wakati wa maandamano ya Novemba 2011, limebonyea upande mmoja. Akaikuza picha kwa vidole mpaka maandishi yakasomeka. Limetengenezwa Jamestown, Pennsylvania. "Jimbo la jirani hapo," akasema.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Juni 2005 Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alisimama Cairo akakiri kwamba kwa miaka 60 nchi yake ilitafuta utulivu kwa kuitosa demokrasia, ikakosa vyote viwili. Ami aliyaamini maneno yale. Mwaka haujaisha, Ayman Nour, aliyethubutu kushindana na Rais Mubarak kwenye uchaguzi, alishahukumiwa kifungo. Udugu wa Kiislamu, kundi kubwa la upinzani Misri, wakapata viti 88 bungeni, Januari 2006 Hamas, kundi la Kiislamu lenye silaha, wakashinda uchaguzi wa Palestina, na Washington ikapunguza sauti.

Wapo wanaosema Waarabu hawaitaki demokrasia. Si kweli, na inaniuma kuyasikia hayo hata kwa Waafrika wenzangu. Tazameni fedha za Marekani. Semina na mafunzo ya uchaguzi yalipewa vijisenti, wakati jeshi la Misri kwa miongo kadhaa limetengewa karibu dola bilioni 1.3 kila mwaka, chanzo chake amani na Israel ya 1979. Mtawala anajua neno lipi ndilo lenye uzito. Juni 2013 mahakama ya Cairo iliwatia hatiani wafanyakazi 43 wa mashirika ya kiraia, Wamarekani wakiwemo. Julai jeshi likampindua Rais Morsi, na Agosti mamia ya wafuasi wake wakauawa na vikosi vya usalama katika uwanja wa Rabaa, Cairo. Oktoba Marekani ikazuia sehemu ya msaada wa silaha. Machi 2015 Obama akauachia.

Ami alitelezesha kidole, ikaja picha nyingine: kidole chake mwenyewe, kimechovywa wino, Mei 2012. Alipanga foleni juani tangu asubuhi. Katika umri wake wote, aliniambia, ndiyo siku pekee aliyompigia mtu kura ya urais bila kujua nani atashinda. Sikumwuliza alimchagua nani.