Jinsi Ninavyotunza Biri Zangu Bila Sanduku la Mwerezi

Kila anayejua kwamba nina biri chache nyumbani hujiona ana wajibu wa kunishauri namna ya kuzitunza, na karibu ushauri wote huo hulenga jambo moja tu, nalo ni kuzilowesha. Mmoja huniambia niweke kipande cha tufaha kando yake, mwingine huapa kwa kipande cha mkate, wa tatu hutetea sponji iliyochovywa katika maji ya bomba, na wa nne, ambaye ndiye huniudhi kuliko wote, hutaka nizitie kwenye jokofu pamoja na maziwa na vitunguu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza swali la maana, yaani unyevu wa hewa ndani ya chombo changu ni asilimia ngapi na hubadilika kwa kiasi gani. Biri iliyoviringishwa kwa mkono haiharibiwi na ukavu peke yake. Huharibiwa zaidi na kuyumbishwa, leo ivimbe na kesho isinyae, mpaka jani la nje lipasuke na mafuta yanayoipa ladha yapotee yasirudi tena.

Huyo wa tufaha nilimjibu kwa vitendo. Nilichukua biri moja ya bei ya chini niliyokuwa nimepewa na ambayo sikuwa na nia yoyote ya kuivuta, nikaifungia katika gudulia la kioo pamoja na kipande kizuri cha tufaha, kisha nikaliweka gudulia mahali ambapo yeye mwenyewe angeliona kila alipokuja kunitembelea. Mwanzoni alifurahi sana, kwa sababu biri ililainika na akaiminya kwa vidole huku akinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Baadaye tufaha likageuka kahawia, kioo kikaanza kutoka jasho upande wa ndani, na ncha ya biri ikaota vinyweleo vya rangi ya kijani na buluu. Alijaribu kunishawishi kwamba ule ni unga wa mafuta ya tumbaku, ambao wapenzi wa biri huusifu kuwa ni dalili ya kukomaa, lakini unga wa namna hiyo, kwa maelezo yao wenyewe, ni mweupe, umetanda sawasawa na hufutika kwa kidole, wala hauna manyoya. Nililitupa gudulia pamoja na kifuniko chake, na tangu siku hiyo matunda hayajatajwa tena baina yetu.

Kuhusu jokofu sihitaji jaribio. Hewa ya majokofu mengi ya siku hizi ni kavu, kwa kuwa mtambo wake hukamua maji hewani ili barafu isigande kutani, na tumbaku nayo hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo.

Kiwango ambacho wavutaji wengi hukubaliana nacho ni unyevu wa kati ya asilimia 65 na 72, katika joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Sanduku maalumu la kuhifadhia biri, yaani humido, hutengenezwa kwa mbao za mwerezi wa Kihispania, ambao kwa kweli si mwerezi bali ni Cedrela odorata, mti wa ukoo mmoja na mkangazi. Mbao hizo zina sifa nzuri, kwani harufu yake hupatana na tumbaku na hupokea na kutoa unyevu bila kuharakisha. Hata hivyo, sanduku la bei nafuu mara nyingi huvuja hewa kwenye kifuniko, na lililo jipya lazima kwanza linyweshwe unyevu kwa siku kadhaa, la sivyo litaunyonya kutoka kwenye biri zako. Nilipopiga hesabu niliona kwamba kwa bei ya sanduku la kiwango cha kati ningeweza kupata vyombo kadhaa vya plastiki, pakiti za kudhibiti unyevu za kunitosha kwa muda mrefu, na bado zikabaki fedha za biri mbili tatu za kujipongezea.

Chombo ninachotumia ni kile cha plastiki cha kuhifadhia chakula, chenye utepe wa mpira kwenye kifuniko na ndoano za kubana pande zote nne. Nilikiosha kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, nikakianika wazi mpaka pua yangu isiweze tena kugundua harufu ya plastiki, kisha nikakifunga usiku kucha na kukinusa tena asubuhi, kwa sababu harufu hujificha chombo kikiwa wazi na hujitokeza kikishafungwa. Karatasi za magazeti zilizofinyangwa na kuachwa ndani husaidia kuinyonya. Chini nilitandika vibamba vya mwerezi nilivyovitoa katika maboksi matupu ya biri, ambayo wauzaji wengi hawana haja nayo.

Kazi yenyewe hufanywa na pakiti. Ninatumia zile za kampuni ya Boveda za asilimia 69, ingawa zipo pia za 62, 65 na 72, na ndani yake mna maji na chumvi vilivyofungiwa katika utando unaopitisha mvuke pekee. Hewa ya chombo ikiwa kavu pakiti hutoa mvuke, ikiwa na unyevu kupita kiasi huunyonya, na hapo ndipo inapoishinda sponji, ambayo haijui kitu kingine isipokuwa kutoa. Pakiti kubwa ya gramu 60 huhesabiwa kuwa inatosha biri 25 hivi, nami sizidishi hapo. Wenye masanduku ya mbao huchagua 72 kwa sababu mbao hunywa sehemu ya unyevu, lakini plastiki hainywi chochote, kwa hiyo 69 au hata 65 inatosha.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia, nalo ni kipima unyevu. Wengi hununua kifaa hicho kidogo, wakakitumbukiza ndani ya chombo na kukiamini papo hapo. Mimi nilikipa mtihani wa chumvi. Unachukua kifuniko cha chupa, unakijaza chumvi ya kawaida ya mezani, unadondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi yote ilowe lakini isiyeyuke, kisha unakiweka pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, ukihakikisha kwamba chumvi haikigusi kifaa, unaufunga na kuuacha usiku kucha au zaidi mahali pasipo na jua. Hewa iliyofungiwa pamoja na chumvi iliyoshiba maji hutulia kwenye asilimia 75, na uzuri wake ni kwamba chumba kikiwa na nyuzi 20 au nyuzi 30 tarakimu hiyo haisogei kwa kiasi cha kukusumbua. Ukizidisha maji hadi chumvi yote iyeyuke umepoteza kipimo chako, kwa sababu siri yote imo katika zile punje zinazobaki.

Nilipofungua mfuko, kifaa changu kilichong’aa na kusifiwa na muuzaji kilikuwa kinasoma 69. Fikiria maana yake! Kama ningekiamini moja kwa moja, siku ambayo kingenionyesha 69 ningelala usingizi mnono, huku biri zangu zikikaa katika 75, kiwango ambacho ukungu huanza kujisikia nyumbani. Muuzaji nilipomweleza aliniambia nibadilishe betri. Nilibadilisha, nikarudia mtihani, na jibu likawa lile lile. Sikukirudisha, maana kifaa kinachokosea kwa kiasi kile kile kila mara hakina ubaya wowote kwa anayejua kujumlisha. Nilibandika utepe mgongoni mwake, nikaandika “ongeza 6”, na hadi leo kinanitumikia vizuri kuliko vile vya ghali ambavyo wenzangu hawajawahi kuvipima.

Chombo kinakaa chini ya kabati la chumba cha kulala, mbali na dirisha na mbali na jiko. Msiweke juu ya jokofu, maana joto la mtambo hupanda huko, na joto ndilo rafiki wa mbawakawa wa tumbaku. Mayai ya mdudu huyo huweza kuwemo ndani ya majani tangu ghalani, na joto likizidi nyuzi 24 au 25 huanza kuanguliwa, kisha mabuu hutoboa biri moja baada ya nyingine na kuacha vitundu vidogo vilivyo duara kabisa. Kila biri ngeni ninayoitilia shaka huvikwa mifuko miwili iliyofungwa barabara, huwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tatu, huhamishiwa sehemu ya kawaida ya jokofu kwa siku nzima, na ndipo hutolewa nje ikiwa bado imefungwa. Anayeitoa kutoka kwenye barafu moja kwa moja hadi mezani asishangae jani la nje likipasuka.

Karatasi ya selofani inayofunika biri siiondoi, kwani hupitisha mvuke na huzuia michubuko. Biri zenye manukato ya vanila au kahawa zina chombo chake peke yake, maana zikichanganywa na nyingine zote zitanuka vanila. Mara moja kwa wiki nafungua kifuniko kwa muda mfupi ili hewa ibadilike, na pakiti ikianza kuwa ngumu pembeni naandaa nyingine.

Waliokwisha kukausha biri zao nawaomba wasizitie kwenye 72 kwa pupa, kwa kuwa majani ya ndani yanaweza kuvimba na kulipasua jani la nje. Waanze na 62, wakae nayo majuma kadhaa, wapande hadi 65, kisha 69.

Na ninapotaka kuvuta, biri huitoa jana yake na kuilaza katika boksi tupu la mwerezi lisilo na pakiti. Hupunguza unyevu kidogo, moto ukatembea sawasawa kuizunguka, na wala sihitaji kuiwasha upya kila baada ya dakika chache.