Marumaru zilivyonyanyuka sebuleni kwa mama mwalimu

Mwaka 2017 nilikuwa saidia fundi Tanga, fundi wangu alikuwa mzee mmoja ambaye pale Ngamiani karibu kila mtu anamjua kwa kazi ya marumaru. Mwezi wa pili hivi, kaskazi imekolea, joto halishikiki, akapigiwa simu asubuhi mapema na mama mmoja mwalimu mstaafu wa Mikanjuni. Usiku sebule yake ilipiga mlio mkubwa akajua wezi wanavunja dirisha, kuwasha taa anakuta marumaru za katikati zimenyanyuka zimeegemeana kama paa la kibanda. Hakulala tena, akajifungia chumbani na wajukuu mpaka kunakucha maana sakafu ilikuwa inaendelea kulia, tak, kimya, tak.

Tukafika, shikamoo mama, marahaba wanangu, njooni muone wenyewe, huku majirani wengine wanasema tetemeko wengine wanasema kuna mkono wa mtu. Fundi akamwambia mama tulia, hapa hamna mkono wa mtu zaidi ya mkono wa aliyezipanga.

Mimi iliniuma kweli, maana yule mama nyumba aliimalizia na mafao yake ya kustaafu, na marumaru zile ndo kitu alichokitamani miaka yote aliyoishi kwenye nyumba ya kupanga yenye sakafu ya niru imechimbika. Alinunua poseleni, zile marumaru ngumu za sentimita 60 kwa 60 za kung'aa, akalipa hela taslimu kwa fundi mwingine, na haikupita hata miaka mitatu.

Fundi wangu hakuanza na nyundo. Aligeuza mwiko akawa anagonga kwa mpini, kigae kimoja kimoja, kuanzia mlangoni, na mimi nyuma yake na chaki, kinacholia utupu napiga alama. Ukizoea unasikia kabisa, kilichoshika kinatoa sauti fupi nzito, kisichoshika kinavuma. Kufika dirishani sebule nzima imejaa alama za chaki, mama kasimama mlangoni kashika mdomo, maana hata zile ambazo macho yanaziona nzima zilikuwa zimekaa tu hazijashika kitu.

Afu akachukua moja ya zile zilizonyanyuka akaigeuza. Nyuma safi. Yaani unaona nembo ya kiwandani na vile vimistari vyake kama imetoka kwenye boksi leo, na kule chini kwenye jamvi, yaani ile sakafu ya zege, yamebaki madonge matano ya saruji, manne pembeni moja katikati, na kila donge uso wake laini kabisa. Akaniambia dogo lete maji. Akadondosha tone kwenye mgongo wa kigae, likakaa pale pale limejiviringisha, halinywewi. Akaenda kuokota kipande cha seramiki ya kawaida nje akadondosha tena, likazama hapo hapo. Akamwambia mama, umeona, hii poseleni hainywi maji, haifiki hata nusu asilimia, sasa saruji tupu itaingilia wapi ishike? Hii inataka gundi yake, na gundi ienee mgongo mzima.

Na la pili akatuonyesha ukutani. Zilikuwa zimebananishwa zenyewe kwa zenyewe hamna hata nafasi ya ukucha, na pembeni zimegusa ukuta pande zote. Sasa joto la Tanga linatanua marumaru, zege la chini nalo nyumba ikiwa mpya linakauka linasinyaa, zinasukumana hazina pa kwenda, na kwa kuwa hazijashikwa chini zinaenda juu. Ndo ule mlio wa usiku.

Kung'oa ilikuwa rahisi kwa marumaru, nyingi zilitoka nzima kwa mkono, shughuli ilikuwa yale madonge. Tindo na nyundo, umelaza tindo usichimbe jamvi, vumbi mpaka kooni, nikawa namwagia maji kidogo kidogo ili kifusi kisitimue vumbi. Jioni fundi akalaza kipande cha nailoni kwenye jamvi akakibana kwa gundi ya karatasi pembe zote, asubuhi tukaangalia kama kuna matone chini yake, kukavu, ndo akakubali kuendelea. Mimi nilikuwa na haraka lakini yeye alisema Tanga hii ya pwani sakafu inaweza kuwa na maji na wewe huyaoni.

Kupanga sasa. Akapiga uzi, akapanga kavu kwanza bila gundi ili mlangoni pasije pakakaa kijipande chembamba. Gundi akaivuta na mwiko wa meno, mistari yote inaelekea upande mmoja, nyuma ya kigae anapaka nyembamba pia, anakilaza, anakisogeza, nyundo ya mpira, pima maji. Spesa, vile vijiplastiki vya kuachanisha vigae, za milimita 3 kila mahali, na ukutani akaacha karibu milimita 10 pande zote, sketingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itafunika. Mama akauliza mbona unaacha wazi, fundi akasema hapo ndo pa kupumulia.

Kitu ambacho sijamuona fundi mwingine anakifanya, kila baada ya muda alikuwa anakinyanyua kigae alichokwisha kulaza, anamuita mama aje aone mgongo umejaa gundi kote, afu anakirudisha. Mara ya kwanza mama aliangalia tu. Baadae akawa anachagua mwenyewe, fundi hebu ninyanyulie kile pale, na mzee ananyanyua bila kununa, hata kama alikuwa ameshakiweka sawa.

Tukaifunga sebule mtu asikanyage mpaka kesho yake ndo tukajaza grauti, ule uji wa kuziba nafasi kati ya vigae. Korido hatukuigusa, kule fundi aligonga yote ikawa imeshika, kwa kuwa ni ya seramiki na nyembamba, akasema hii iacheni. Sebuleni zilizotoka nzima tulizirudisha baada ya kuzisafisha, zilizopungua mama akazitafuta mjini toleo lile lile akalikosa, mpya zilikuwa na weupe uliozidi kidogo. Fundi akamshauri zikae upande wa kabati la vyombo, mama akazitazama, akasema sawa, ziweke huko.