Kuyatangulia Maji ya Ciliwung

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye bwawa dogo la Katulampa, mjini Bogor, Indonesia, nikisoma namba zilizochorwa ukutani ndani ya mto. Sentimita 40. Maji ya Ciliwung yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita taratibu kana kwamba hayajawahi kumdhuru mtu. Bwawa hili lilijengwa na Waholanzi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mpaka leo ndilo linalowapa watu wa Jakarta habari mapema. Kina kikipita sentimita 200, hutangazwa siaga 1, yaani hali ya hatari kabisa, na huko bondeni watu huanza kubeba magodoro. Neno siaga tulielewana upesi, mimi na mlinzi wa pale, maana alinionyesha kwa mikono: maji yanapanda, watu wanakimbia.

Nikamwambia kwa Kiindonesia changu cha kuokoteza kwamba naufuata mto huu hadi baharini. Akacheka. Maji haya, alisema, yatafika Jakarta baada ya mwendo wa saa tisa hivi, au zaidi. Wewe na treni yako utayatangulia.

Kweli treni ya Bogor haichukui hata saa mbili. Niliketi upande wa dirisha nikiwa na kazi moja tu: kutafuta mahali mji wa Bogor unapoishia na Jakarta inapoanzia. Sikupaona. Vituo vilipita, Cilebut, Bojong Gede, Citayam, na kila nilipodhani sasa tunaingia mashambani, yalitokea mapaa mengine ya vigae vyekundu yaliyobanana. Depok, ambayo wazee wanaikumbuka kama kituo kidogo chenye miti ya matunda, ilikuwa na watu milioni 2 katika sensa ya 2020. Jakarta yenyewe ilikuwa na watu milioni moja na nusu hivi mwaka 1950. Katika sensa hiyo ya 2020 walifika milioni 10.5. Na ukihesabu huu mfululizo wa nyumba niliokuwa naupita, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2025 inaupa karibu watu milioni 42 na kuuita mji mkubwa kuliko yote duniani, mbele ya Dhaka na Tokyo.

Ndani ya behewa nilijifariji kwa lugha. Mswahili hapotei kabisa Indonesia. Wakiulizana hali husema "apa kabar", nawe unaisikia habari humo ndani. Karatasi ni kertas, wakati ni waktu, sabuni ni sabun, dunia ni dunia vilevile. Ila neno lililonikaa zaidi ni kampung. Maana yake ni kijiji, lakini ndilo wanaloitia mitaa ya watu wa kawaida katikati ya jiji, ile ambayo vichochoro vyake havipitishi gari. Nadhani wanasema kweli. Jiji halikuwapokea wanakijiji likawageuza. Liliwafuata walikokuwa, likajenga barabara pembeni mwao, likasahau kupeleka bomba.

Hilo la bomba nililielewa Manggarai, kituo nilichoshuka kunyoosha miguu. Hapo ndipo Ciliwung hukutana na lango la zamani la maji, na sehemu ya mto hugeuzwa kuingia mfereji wa mafuriko unaoelekea magharibi. Mto ule wa chai ya maziwa sasa ulikuwa mweusi, unabeba chupa, godoro na mti mzima. Jiji hili linapitiwa na mito 13, halafu sehemu kubwa ya maji yake ya bomba hutoka bwawa la Jatiluhur, huko mbali mashariki, kwa sababu mito yake haifai hata kuoshea baiskeli. Na bomba lenyewe haliwafikii wote. Basi kila mwenye nacho anachimba kisima: nyumba, kiwanda, hoteli, duka kubwa. Hakuna anayekuona ukivuta maji ya chini ya ardhi, na mwenyewe huoni unachokivuta.

Jakarta Kota, kituo cha mwisho nilichoshukia, sitaisimulia. Mji wa kale wa Batavia, kama Waholanzi walivyoiita Jakarta, una picha zake nzuri kila mahali, nenda ukazitazame. Mimi nilikodi pikipiki mbele ya kituo, nikamwambia dereva Muara Baru, mtaa wa pwani kaskazini mwa jiji, akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

"Mas, nataka kuona ukuta," nikamwambia. Mas ni kaka, ndivyo wanavyoitana.

Ukuta huo ni wa zege, unanipita kimo. Tuliupanda kwa ngazi ya mbao iliyofungwa kwa kamba. Niliposimama juu nikahisi kizunguzungu, si kwa sababu ya urefu. Mkono wa kushoto ilikuwa bahari, boti zinaelea. Mkono wa kulia ilikuwa mtaa, watoto wanacheza mpira. Na bahari ndiyo iliyokuwa juu. Nimekulia kwenye masimulizi ya bamvua na maji mafu, najua maji hujaa na kupwa, lakini sikuwahi kuona mahali ambapo boti inapita juu ya kichwa cha golikipa.

Nje ya ukuta, baharini, umesimama msikiti. Unaitwa Wal Adhuna. Ulijengwa nchi kavu, ukaachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa maji yamejaa pale watu walipokuwa wakisujudu. Mas alinyamaza tulipoutazama. Nami nikanyamaza.

Watu wengi wakisikia habari hizi hulaumu bahari inayopanda, na ni kweli inapanda. Lakini hesabu haziko sawa hata kidogo: bahari hupanda kwa milimita kwa mwaka, hali baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Jakarta yamewahi kudidimia kwa zaidi ya sentimita 20 katika mwaka mmoja. Chini ya jiji kuna matabaka ya udongo wa mfinyanzi na mchanga yaliyoshiba maji. Ukiyavuta maji kwa pampu, udongo huo unajikunja kama sifongo iliyokamuliwa, na ukishajikunja haurudi. Mvua ingeweza kujaziajazia kidogo, lakini juu kumefunikwa zege na lami, maji yanakimbilia mtaroni. Weka ghorofa 40 juu yake. Kwa hiyo katika maeneo hayo ya chini maji ya mito na mitaro hayawezi tena kuingia baharini kwa mteremko. Inabidi yasukumwe kwa pampu kuvuka ukuta.

Tulikaribishwa kwenye nyumba moja na mama wa makamo, tukamwita Ibu, yaani mama, kama ilivyo adabu. Ili kuingia, unashuka ngazi tatu kutoka barabarani, maana barabara imeinuliwa na nyumba imebaki. Ndani niliinama. Ibu alishainua sakafu mara tatu tangu aolewe, kila mara kwa kifusi na saruji, na sasa dirisha liko usawa wa goti na mume wake hawezi kusimama wima chumbani kwake. Alituonyesha kisima cha uani, kimefunikwa bati. Maji yalianza kuwa na chumvi, akakiacha. Siku hizi anasubiri mkokoteni wa madumu.

Mkokoteni ulipita tukiwa pale. Ibu akanunua madumu mawili ya kunywa na kupikia. Nje ya mlango wake, ng'ambo kidogo tu, yalionekana maghorofa ya Pluit, vioo vinang'aa. Sijui nani huko ana kisima cha mita mia na nani hana, wala sikutaka kubahatisha. Ila anayenunua maji kwa dumu hawezi kuwa ndiye aliyeikamua ardhi hii. Tangu Agosti 2023 majengo makubwa katika maeneo kadhaa yamekatazwa kuvuta maji ya chini, na kazi ya kuongeza mabomba inaendelea. Kuna pa kujifunzia: Tokyo nayo ilikuwa inadidimia, ikabana visima kwa sheria kuanzia miaka ya 1950 na 1960, na kudidimia kukapungua mno.

Serikali imechagua na njia nyingine. Mwaka 2019 Rais Joko Widodo alitangaza kuhamishia makao makuu kisiwa cha Borneo, mji mpya uitwao Nusantara, na Agosti 17, 2024 sherehe za uhuru zilifanyika huko. Nilimuuliza Ibu maoni yake. Akauliza kama huko kuna bandari ya samaki. Mume wake hufanya kazi bandarini hapa, dakika kumi kwa miguu. Nikasema sidhani. Akatabasamu, akanimiminia chai.

Jioni ilipokaribia mbingu za kusini ziligeuka rangi ya risasi, ingawa kwetu pale hakukudondoka hata tone. Simu ya Mas ikalia, kisha ya Ibu. Bogor mvua kubwa. Katulampa siaga 3.

Nilihesabu kwa vidole. Maji niliyoyaaga asubuhi yalikuwa bado njiani, na haya mapya yalikuwa yanayafuata nyuma. Ibu hakuhesabu kitu. Aliikunja simu ndani ya leso, akamwita mwanawe, wakashika godoro huku na huku wakalipandisha juu ya meza. Kisha mchele, kisha vitabu vya shule. Mas akawasha pikipiki.

"Twende kaka," alisema, "kabla barabara haijafungwa."