Barua ya Kudai Deni Lisilo Langu

Barua iliyonifikia ilikuwa na maneno "taarifa ya mwisho" yaliyopigwa kwa muhuri mwekundu juu ya ukurasa, ingawa hakuna taarifa ya kwanza wala ya pili niliyowahi kuipata. Ilitoka kwa kampuni ya kukusanya madeni ambayo sikuwahi kuisikia, nayo ilinitaka nilipe shilingi 86,400 katika muda wa siku 7, zikiwa ni salio la friji na seti ya viti vilivyochukuliwa kwa lipa polepole mwaka 2014, pamoja na riba na kile walichokiita gharama za ufuatiliaji. Nisipolipa, jina langu lingepelekwa CRB, ofisi zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, na madalali wangetumwa nyumbani kuchukua mali. Mimi sijapata kununua kitu chochote kwa lipa polepole. Friji iliyoko jikoni mwangu aliniachia shangazi yangu alipohamia Lamu.

Kilichofanya jambo hili lisiwe rahisi kulitupa ni kwamba jina lilikuwa langu kweli, yote matatu. Sisi wa Pwani mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kwa kuwa majina tunayoyapenda ni yale yale, si ajabu mtaa mmoja ukawa na watu wawili au watatu wenye majina matatu yanayolingana herufi kwa herufi. Anwani nayo ilikuwa ya kweli: sanduku la posta la duka la ami yangu, Mwembe Tayari. Lakini sanduku hilo limetumiwa na watu wengi kwa miaka mingi, wapangaji, wafanyakazi wa duka, majirani waliohitaji mahali pa kupokelea barua za shule na za benki, na sidhani ami mwenyewe anaweza kuwataja wote. Mbali na jina na sanduku, barua haikuwa na nambari ya kitambulisho, wala tarehe ya kuzaliwa, wala nakala ya mkataba. Mtu aliyeiandika alikuwa na jina linalobebwa na wengi na sanduku linalotumiwa na wengi, akaviunganisha, akanipata mimi.

Ami, ambaye ndiye aliyeifungua bahasha akidhani ni ya duka, alikuwa na rai yake. "Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa," aliniambia, akashauri tukusanye angalau shilingi elfu 5 tuwapelekee ili watulie, kwa maana kwake yeye aibu ya dalali kusimama mlangoni ni kubwa kuliko hasara ya fedha. Nilimkumbusha aya ya 282 ya Sura al-Baqara, ile iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inayoamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Nikamuuliza: yako wapi maandishi, na yuko wapi shahidi? Aliisoma barua tena, safari hii akiwa amevaa miwani, na hakutaja tena zile elfu 5.

Sheria ya Kenya inasema jambo linalokaribiana na hilo. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinamtaka anayedai kuwa na haki kwa msingi wa mambo fulani ayathibitishe mambo hayo mwenyewe. Barua ya madai haithibitishi lolote. Ni hatua ambayo kwa kawaida mdai huipitia kabla ya kwenda mahakamani, na mtu yeyote mwenye karatasi na mashine ya kuchapishia anaweza kuiandika. Watu wengi wanaopokea barua ya namna hii huanza mara moja kujitetea: hutuma nakala ya kitambulisho kuonyesha kuwa wao si yule, hueleza walikuwa wakifanya kazi wapi mwaka ule, huambatisha taarifa za benki. Kwa maoni yangu huko ni kumfanyia mdai kazi yake, tena kwa kumpa vitu ambavyo hakuwa navyo. Faili yenye jina na sanduku tu ni faili dhaifu, na ukiiongezea nambari yako ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi yako, umeitia nguvu wewe mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa fupi kuliko barua yao. Niliandika: "Nimepokea barua yenu. Sikuingia mkataba mnaoutaja na silitambui deni hili. Ikiwa mnashikilia kuwa ni langu, nileteeni nakala ya mkataba uliotiwa sahihi, orodha ya malipo yaliyofanywa na tarehe zake, na uthibitisho kwamba mwenye duka lililouza vitu hivyo amewaruhusu kudai kwa niaba yake au amewauzia deni hilo. Hadi hapo, wasiliana nami kwa maandishi pekee." Niliweka tarehe na kumbukumbu ya barua yao, nikaipeleka Posta ya Digo Road kwa rejista, na risiti nikaibana pamoja na nakala. Sikuandika neno "samahani" mahali popote, na sikuandika "naomba", ingawa malezi yetu ya Pwani yanavuta mkono kuandika hivyo.

Simu ilikuja kabla ya jibu la barua. Nambari yangu, nilikuja kufahamu baadaye, waliipata kwa kupiga simu dukani na kumwambia kijana aliyeko kaunta kwamba nina mzigo wangu. Mpigaji alikuwa mpole, na upole huo ndio unaohitaji uangalifu. "Dada, sisi hatutaki ugomvi," alisema. "Wewe nipe tu nambari ya kitambulisho, nikutoe kwenye mfumo sasa hivi." Nilimwambia anisomee yeye tarakimu 3 za mwisho za kitambulisho kilichoko kwenye mkataba, nami nitamjibu kama ni zangu au si zangu. Kukawa kimya kidogo, kisha akasema kwamba taarifa hizo ni za siri. Nikamjibu kuwa na zangu vilevile, nikamwomba aniandikie, tukaagana kwa heshima. Ikiwa mkataba anao, nambari anayo. Na ikiwa hana mkataba, kuna sababu gani ya mimi kumjazia pengo?

Kuhusu zile elfu 5 za ami, kuna hatari ambayo watu hawaielezwi. Madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka 6 ya kufikishwa mahakamani chini ya Sura ya 22 ya sheria zetu, kuanzia siku haki ya kudai ilipozuka. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu yake, muda huanza kuhesabiwa upya. Deni la 2014 ambalo huenda mlango wa mahakama ulikwisha kufungwa mbele yake linaweza kufufuliwa na malipo madogo ya "kuonyesha nia njema", na kwa mtu ambaye deni si lake malipo hayo yatasomwa kuwa ni kukiri. Hata hivyo sikuitanguliza hoja ya muda katika jibu langu. Anayeanza kwa kusema "muda umepita" husikika kama anayekubali kwamba aliwahi kudaiwa. Na kwa yule aliyekopa kweli, kupita kwa muda kunamzuia mdai mahakamani tu, dhima yake mbele ya Mungu ni jambo jingine.

Vitisho vya barua nilivipima kimoja kimoja. Cha CRB kilinichukua muda mfupi. Ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Ripoti yangu ilikuwa safi. Ingekuwa na deni hilo, ningelipinga kwenye ofisi hiyo hiyo, ambayo inalazimika kulichunguza. Isitoshe, si kila mwenye duka anayeweza kupeleka jina la mtu huko. Wanaoruhusiwa ni mabenki na taasisi nyingine zinazotambuliwa chini ya kanuni za Benki Kuu. Siku hiyo hiyo nilipiga *106# kwenye simu yangu kuona kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu nisiyoijua, kwa maana aliyetumia kitambulisho cha mwenzake kwa deni moja hakomei hapo. Hakukuwa na laini ngeni, na hilo likanifanya niamini kwamba hapa hapakuwa na wizi wa kitambulisho, ni mchanganyo wa majina.

Madalali ndio waliomtia ami hofu zaidi, na inafaa utaratibu wao uelezwe polepole. Kampuni ya kukusanya madeni haina mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu na kubeba kiti. Kwa deni la kawaida, dalali mwenye leseni hutumwa kwa hati ya mahakama baada ya kesi kusikilizwa au kuamuliwa; huja kwanza kuorodhesha mali, kisha humwachia mdaiwa siku 7 za kulipa kabla ya kuichukua. Mambo ya kodi ya nyumba na mali iliyowekwa dhamana yana taratibu zake. Akija mtu bila hati hiyo, anayestahili kuona haya ni yeye.

Kuna karatasi moja tu ambayo ningeikimbilia, nayo ni wito wa mahakama. Wito una muhuri wa mahakama na nambari ya kesi, na nambari hiyo inaweza kuulizwa kwenye masjala. Mdai wa kiasi kama hiki anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na aliyeitwa asipojibu katika muda uliotajwa, hukumu inaweza kutolewa dhidi yake hata kama deni si lake hata kidogo. Hapo ndipo mtu asiye na uwezo wa wakili anapopaswa kwenda Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria ambalo lina ofisi hapa Mombasa, akiwa na ile barua, nakala ya jibu lake na risiti ya rejista.

Nyumbani walitaka tumtafute mwenye jina. Binamu zangu walikuwa wamekwisha kukisia ni nani, mpangaji wa zamani wa vyumba vya nyuma ya duka, na walitaka wamuulize mbele ya watu. Nilikataa. Mwaka 2022 kanuni za Benki Kuu ziliwakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwatisha wadaiwa, kuwapigia simu jamaa na marafiki walioko kwenye simu zao, na kuwaanika hadharani. Sioni kwa nini sisi tumfanyie mtu bure kile ambacho mkopeshaji amekatazwa kukifanya. Huenda hata si yeye.

Jibu la kampuni lilikuja hatimaye, mistari michache isiyo na pole: baada ya kupitia kumbukumbu zao, faili ilikuwa imefungwa kwa upande wangu. Hawakusema nambari ya kitambulisho haikulingana, wala hawakusema mkataba haukupatikana. Niliwaandikia mara moja zaidi, nikitaja vifungu vya 26 na 40 vya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nikawataka wanieleze waliipataje nambari yangu ya simu na waifute pamoja na anwani ya sanduku, na nikawajulisha kuwa nisipojibiwa nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Safari hii walijibu upesi, kwa barua pepe, wakathibitisha kuwa vyote viwili vimefutwa. Ami ameichapisha barua pepe hiyo na kuiweka kwenye droo ya kaunta, na kijana wa dukani ameagizwa asimpe mtu yeyote nambari ya simu ya mtu, awe na mzigo au asiwe nao.