Swali la mzee kwenye dirisha la majibu

Mwaka 2006 nilikuwa fildi katika maabara ya hospitali moja ya Moshi. Mchana niligawa majibu ya CD4, yaani hesabu ya seli za kinga ambazo virusi vya UKIMWI huzishambulia. Enzi hizo, ambaye dalili zake hazijawa kali alianzishiwa ARV CD4 zikishuka chini ya 200, hivyo watu walizisoma zile karatasi kama matokeo ya darasa la saba.

Mzee mmoja wa Old Moshi alipata 164. Akaniuliza, "Mwanangu, nesi kasema hizi ni askari wa mwili. Haya, nani anawaamuru?"

Sikuwa na jibu. Ile picha ya askari ukutani hata mimi sikuwahi kuipenda. Dokta wetu wa maabara, mtu aliyependa maswali kuliko chai ya saa nne, akamkaribisha ndani.

CD4, alisema, si askari. Ni molekuli iliyo juu ya utando wa seli T, hizo seli za kinga tunazohesabu, na ndiyo hiyo kirusi hushikilia ili kuingia. Kazi yake halisi ni nyingine. Kuna seli zinazookota vipande vya vijidudu na kuvionyesha juu ya kibebeo. Seli T hukigusa kipande kwa kipokezi chake, CD4 ikishika kibebeo. Hapo bado haijaamka. Inangoja molekuli yake nyingine, CD28, iguse CD80 au CD86 za yule mwonyeshaji. Isipogusa, seli inazubaa.

"Ni hundi ya chama cha kahawa, mzee. Sahihi moja, benki hawatoi."

Mzee akacheka, aliwahi kuwa mweka hazina wa chama cha msingi. Kisha akauliza, "Na sahihi ya pili ikienda peke yake, benki wakakubali?"

Dokta akaacha kutabasamu. Machi ya mwaka uleule, mjini London, vijana sita wa kujitolea walichomwa kingamwili ya majaribio, TGN1412, iliyoweza kuiamsha CD28 bila kungoja ishara ya kwanza. Muda si mrefu walianza kutapika na kutetemeka, na kabla ya siku kwisha viungo vilikuwa vinafeli, wakalazwa chumba cha mahututi. Wote walinusurika. Kima waliopewa dozi kubwa mara 500 hawakuwa wamedhurika.

"Kumbe hata vyeo vina taratibu," mzee akasema, akauliza darasa la kumeza dawa ni lini.

Alhamisi alikuja na mkewe. Mama hakutaka habari za London. Alinyoosha kidole kwenye karatasi: "Na hii CD8, mbona hamjaieleza?"