Nilivyorudisha mpaka wa kibanja chetu baada ya Vita vya Kagera

Vita vilipoanza nilikuwa na miaka 12. Nataja umri mapema kwa sababu nikisema nilirudisha mpaka, watu hudhani nilibeba bunduki. Mpaka ninaousema ni wa kibanja cha baba yangu, kule juu ya mto Kagera, kati ya Bunazi na Mutukula. Urefu wake ni hatua 140 za mtoto. Najua kwa sababu nilizihesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu kingine chochote.

Kwa asiyetoka Bukoba, kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Babu yako amezikwa humo, na wewe unatarajia kuzikwa humo. Mpaka wake hauwekwi kwa ukuta wala waya. Inapandwa milamula, ile mimea yenye majani marefu ambayo Wachaga huiita masale. Baba wa nyumba hii na baba wa nyumba ile wanasimama, shahidi anasimama katikati, fimbo zinachomekwa ardhini, na kesi imekwisha kabla haijaanza.

Mpaka wa nchi zetu mbili, Tanzania na Uganda, haukuwekwa hivyo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Ulaya, walikubaliana mstari upite nyuzi 1 kusini ya ikweta. Kwenye ramani umenyooka kama rula. Huku chini ulikata malisho, ukakata koo, ukamwacha mtu na shemeji yake kila mmoja kwenye serikali yake. Mto Kagera uko kusini ya mstari huo, kwa hiyo kikabaki kipande cha Tanzania ng'ambo ya mto, kilomita za mraba 1,800 hivi. Ndiko kwetu. Idi Amin alianza kukipigia kelele tangu alipochukua Uganda mwaka 1971: mpaka halali ni mto, mto unaonekana, mstari hauonekani. Nikiwa darasa la tano nilikuwa naijua hoja hiyo kwa moyo, maana wazee waliijadili kila jioni kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kuicheka.

Asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 1978 hawakucheka. Kulikuwa na ukungu, mizinga ikaanza kabla hatujachemsha maji. Baba alimpandisha Bibi kwenye keria ya baiskeli, akamfunga kiunoni kwa kanga ya mama ili asidondoke, nami nikapewa kazi ya kusukuma kutoka nyuma. Mama alibeba mdogo wangu. Bibi alikataa kuacha jembe lake, akalilaza mapajani. Tulitembea siku ile na usiku wake, barabara imejaa watu, ng'ombe, magodoro, kuku waliofungwa miguu. Daraja la Kyaka tulilivuka kesho yake. Tarehe 3 Novemba wanajeshi wa Amin walililipua. Tuliowaacha nyuma walibaki nyuma, na wengine hatukuwaona tena.

Tulifikia kwa shangazi yangu Kamachumu. Ulikuwa msimu wa senene, panzi tunaowala, na jambo hili nalikumbuka kwa aibu kidogo, kwamba nilikuwa na furaha. Shangazi alikuwa akikaanga senene jikoni siku redio ilipoleta hotuba ya Mwalimu, tarehe 2: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Shangazi aliacha kukoroga. Senene wakaungua, na hakuna aliyelalamika. Amin alikuwa ameshatangaza siku moja kabla kwamba eneo letu lote ni lake, tena akajisifu amelichukua kwa dakika 25. Bibi aliuliza dakika 25 ni muda gani. Baba akamwambia, "Mama, ni muda wa kuivisha ndizi." Wiki iliyofuata baba akaandikwa mgambo, akaondoka.

Sitasimulia vita vyenyewe, sikuviona. Niliviona kwa redio kama watoto wote wa Tanzania: Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi, Kampala tarehe 11 Aprili. Mapema Juni ikatangazwa kwamba majeshi yetu yamefika mpaka wa Sudani na vita vimekwisha. Mwalimu akasema tufunge mkanda kwa miezi 18. Sabuni ikapotea, sukari ikapotea, na mkanda ule, kila mtu wa rika langu anajua, haukufunguliwa baada ya miezi 18.

Tulirudi Julai, kiangazi, majani yote ya rangi ya kutu. Jembe la Bibi lilirudi pia. Kyaka tulipita chini ya lile kanisa la kilimani, lililopigwa mabomu likabaki magofu. Nyumba yetu ilikuwa na kuta bila mabati. Mlango haukuwepo, hata fremu yake. Migomba mingi ilikuwa imekatwa, na upande wa magharibi, pale ilipokuwa safu ya milamula, kulikuwa na alama ya handaki lililofukiwa. Nani alilichimba, jeshi lao au letu, sikuwahi kujua. Aliyelifukia tulimjua. Jirani yetu alikuwa amerudi wiki tatu kabla yetu, akasawazisha udongo, akapanda machipukizi ya migomba mapya kabisa. Akayapanda upande wetu, mistari mitatu ndani.

Sitaki kumpaka matope. Alikuwa amepoteza watoto wawili na ng'ombe wote. Lakini mistari mitatu ya migomba kwa hatua 140 ni chakula cha familia.

Mama alimwendea kwa upole. Jirani akasema mpaka ulikuwa kwenye njia ya miguu, ile inayoshuka kisimani. "Njia inaonekana," alisema. "Hiyo milamula yenu iko wapi?" Bibi alikuwa ameketi kwenye jiwe la kizingiti, hana habari nasi, tukadhani. Akasema, "Kumbe Amin hakukimbia wote. Kipande chake kimebaki hapa."

Balozi wa nyumba kumi alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. Mwenyekiti wa kijiji akasema anahitaji mwanaume wa nyumba. Baba yangu alikuwa Uganda bado, kwa sababu jeshi letu lilibaki kule kulinda amani mpaka 1981. Baba mdogo alikuwa Mwanza hospitali. Mwanaume wa nyumba nilikuwa mimi, nina miaka 13, nimevaa kaptula ya msaada inayonifika kwenye mashavu ya miguu.

Nilimwandikia baba barua, nikampa dereva wa lori la jeshi aliyesimama Bunazi kununua ndizi. Sikutegemea lolote. Wiki nne baadaye jibu lilikuja na lori jingine, limeandikwa nyuma ya karatasi ya orodha ya mgao wa unga. Baba hakuniuliza habari za shule wala afya. Aliandika mistari miwili: Msibishane. Mtafuteni mzee aliyesimama siku babu yako anapanda, yuko upande wa Kyotera.

Mzee yule alikuwa mtu wa kijiji chetu tangu kuzaliwa, ila ujanani alikwenda kufanya kibarua cha kahawa Uganda, kama walivyofanya Wahaya wengi enzi hizo, akaoa huko, akabaki. Kabla ya vita hapakuwa na suala la kuvuka. Mama yangu mwenyewe alikuwa akimpelekea senene kila mwaka. Sasa shahidi wetu pekee alikuwa raia wa nchi tuliyotoka kupigana nayo.

Mwenyekiti aliniandikia barua yenye muhuri, nikaenda na binamu yangu mkubwa kwa miguu mpaka Mutukula. Nilikuwa nimejiandaa kuwaona maadui. Nilichokuta ni uwanja mtupu. Upande wa Uganda nyumba zilikuwa zimesawazishwa kwa tingatinga. Askari wetu walipouteka mji ule Januari walilipiza kisasi, na raia wakauawa. Baadaye nilijifunza kwamba Mwalimu alipopata habari alikasirika, ikatoka amri raia wa Uganda wasiguswe. Siku ile sikujua hayo. Nilisimama kwenye sakafu ya saruji ya duka la mtu, vigae vya sahani vimetapakaa, nikafikiria mlango wetu usio na fremu. Binamu yangu akaniambia nitembee, tusichelewe.

Askari wa zamu aliisoma barua ya mwenyekiti mara mbili. Akacheka, akamwita mwenzake. "Huyu anavuka kwenda kutafuta shahidi wa migomba." Wakatupa nusu mkate, wakatuombea lori.

Mzee tulimkuta kwake siku ya pili. Nilipiga magoti, nikampa shikamoo, kisha tukazungumza Kihaya chetu cha mpakani ambacho nusu yake ni Kiganda. Nilikuwa nimeipanga hotuba njia nzima. Hakuisikiliza. Aliuliza kama Bibi yu hai. Nilipojibu yu hai, akaingia ndani kuchukua koti.

Alipofika kwetu macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, jambo ambalo nililigundua kwa kuchelewa. Moyo uliniporomoka. Jirani naye aliliona, akatabasamu. Mzee hakutazama chochote. Alivua viatu, akaanza kutembea polepole kando ya alama ya handaki, akipapasa udongo kwa nyayo, nusu ya kijiji ikimfuata nyuma. Alitembea kwenda na kurudi. Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyelitegemea: hatasema kitu mpaka mvua inyeshe.

"Mlamula haufi kwa jembe," alisema. "Wala kwa moto. Asiguse mtu hapa. Asilime huyu, asilime huyu."

Basi tukakaa na mgeni. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, mawingu yanakuja yanaondoka. Mzee alilala kwetu, lakini chakula cha mchana alikula kwa jirani, kila siku, kwa makusudi, na jirani hakuweza kukataa kwa sababu mzee huyo alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Kazi yangu ilikuwa kulinda ule ukanda. Niliamka alfajiri kuangalia kama kuna aliyechimba usiku, nikalala wa mwisho. Mara moja nilimkuta jirani amesimama pale gizani, jembe begani. Tulitazamana. Akaniuliza kama nimesikia habari za baba. Nikamwambia bado. Akarudi kwake.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nane Mzee aliniambia nimshike mkono, tukatembea tena, safari hii nikiwa macho yake. Nilikiona cha kwanza karibu na mbuni mkongwe: kichipukizi kama kidole, kijani kibichi, kimejikunja kama karatasi ya sigara. Nikapiga kelele. Mzee akanikemea, akainama, akakishika kwa vidole viwili, akakinusa. Kisha akahesabu hatua kwenda mbele, akanionyesha kwa fimbo, nikafukua kwa mikono: kisiki cheusi kimeungua, na ubavuni kina jicho jeupe linalotaka kutoka. Tulipata milamula 11, na minane kati ya hiyo ilikuwa ndani ya migomba mipya ya jirani, imenyooka safu moja mpaka kisimani.

Mwenyekiti aliitwa, balozi akaitwa. Hapakuwa na hotuba. Jirani alitazama safu ile muda mrefu, akaomba jambo moja tu, migomba aliyoipanda aachiwe ahamishe mwenyewe, isikatwe. Bibi akasema ihamishwe taratibu, na mingine abaki nayo mpaka izae, kwani ndizi hazina kosa. Mzee akakata fimbo za mlamula kutoka upande wa mashariki wa kibanja, akaziba mapengo, mimi nikishikilia, mtoto wa jirani akishindilia udongo. Nadhani alituchagua sisi wawili kwa sababu tutaishi muda mrefu kuliko wengine.

Nilimsindikiza hadi Mutukula akiwa na mkungu wa ndizi na pakiti ya chumvi, maana chumvi ilikuwa adimu kwao kuliko kwetu. Askari walikuwa wamebadilishwa. Huyu mpya alimuuliza ni raia wa wapi. Mzee akamuuliza yeye ametoka wapi. Askari akasema Tabora. "Mbali," Mzee akasema, akapita.

Baba alirudi 1981, amekonda, ana mfuko mmoja wa turubai. Tulitoka sote mbio. Aliuweka mfuko chini, akatusalimia haraka haraka, kisha kabla hata hajaingia ndani akashuka upande wa magharibi. Milamula ilikuwa imeshanifika kifuani. Aliupitia mmoja mmoja akiushika majani. Karibu na mwisho akasimama, akarudi hatua moja, akaangalia mbele na nyuma kwa jicho moja kama anayelenga shabaha.

"Huu mmeukosea," alisema. "Umeingia kwake nusu hatua."

Nikamwambia huo ni mmoja wa zile fimbo tulizoziba mapengo. Jirani alikuwa amesimama kwenye migomba yake anatuangalia. Baba akamwita aje tuung'oe pamoja.