Paka wa uani kwetu Malindi, na namna nilivyowajua mmoja mmoja

Tunakaa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na diko wanaposhusha samaki, kwa hiyo paka hawatuishi. Nyuma ya nyumba kuna ua mdogo wenye tangi la maji, na hapo ndipo walipokuwa wakizalia, wakipigana usiku kucha na kukojolea kuta hadi nguo za kuanikwa zikawa zinanuka. Mtaani dawa zilikuwa mbili: sumu, au kuwatia guniani na kwenda kuwamwaga mbali. Sumu sikutaka hata kuisikia, uani wanacheza watoto na kuku wanadonoa. La gunia nililiona kwa jirani. Wale wakaondoka, baada ya muda mfupi wakaja wengine, kwa sababu samaki bado wapo na nafasi imeachwa wazi.

Mimi nikaanza kwa kukaa barazani pa nyuma baada ya magharibi na kuwaangalia. Ndani nina paka wangu, jike wa rangi tatu (wa rangi hizo karibu wote huwa majike), aliyekulia mapajani mwetu, basi yeye ndiye akawa kipimo changu.

Kilichonishangaza ni kwamba wa uani hawakuwa wa namna moja. Wengine waliingia mchana kweupe, mkia umesimama wima, wakinitazama usoni na kulia nyau nyau. Hawa walikuwa na manyoya machafu, wamekonda. Wengine walikuja giza limeshaingia, tumbo limeshuka karibu liguse chini, wakipita ukutani, kimya kabisa. Na hao wakimya, ajabu, ndio waliokuwa na manyoya masafi. Daktari wa mifugo aliponieleza nikaelewa: yule mchafu anayelia alikuwa na kwao, akatupwa au akahamiwa na wenyewe, na maisha ya jalalani hayajui. Paka wakubwa hawaliliani sana wao kwa wao. Ule mlio wa nyau wanautumia hasa kwa binadamu. Aliyezaliwa nje bila kuguswa na mtu hana sababu ya kukuita. Anajitegemea, anajilamba, anakwenda zake.

Kwa damu ni walewale. Paka wetu wote asili yao ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na huko Cyprus limefukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu kazikwa pamoja na paka. Kinachowatenga ni utoto. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi baada ya kuzaliwa, ubongo wa kitoto cha paka huwa wazi kuzoea mikono, sauti na harufu za watu. Wakati huo ukimpita hajamjua mtu, akikua atakuona wewe ni mnyama anayetaka kumla tu. Unaweza kumlisha mwaka mzima akakuvumilia kwa mbali, lakini ukimfungia chumbani unamtesa.

Hapo nikajua la kufanya. Waliotupwa, kuwatafutia nyumba. Mashume, wale wakimya waliozaliwa nje, na majike yao, kuwakata uzazi na kuwarudisha palepale uani. Vitoto, kuviwahi.

Kabla ya kuanza, bibi wa nyumba ya jirani alinikalisha kitako. "Mwanangu, unamkata uzazi kiumbe wa Mungu, umeuliza?" Nikaenda kumuuliza maalim wetu. Akanikumbusha kwanza kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, hadithi maarufu. Kisha akasema kuhasi wanazuoni wamekhitilafiana, na wapo wanaoruhusu pakiwa na maslahi na mnyama asidhurike. Bibi aliridhika nusu. Hadi leo akiniona na mtego hutikisa kichwa, lakini vichwa vya samaki vya chambo ananipa yeye.

Mtego niliazima kwa daktari: kizimba kirefu cha waya chenye kibao ndani, paka akikikanyaga mlango unashuka. Siri yake ni njaa na saa. Niliwazoesha kula wakati uleule kila siku, kisha usiku wa kuamkia kazi nikawanyima. Chambo ni kibua, kwa sababu harufu yake inafika mbali. Mlango ukifunga unafunika kizimba chote na kanga papo hapo, gizani anatulia. Na hapo ndipo utamjua vizuri zaidi ni nani. Yule wa kutupwa hulalamika kidogo, baadaye anajisugua kwenye waya akitaka kushikwa. Shume hujirusha huku na huku mpaka anajichubua pua, halafu anaganda kwenye kona, macho meusi yote, hata ukimwekea chakula hagusi. Usitie mkono kabisa. Aking'ata au kuparura, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, kwa sababu kichaa cha mbwa paka naye anaweza kuwa nacho.

Majike niliyaangalia chuchu kwanza. Jike anayenyonyesha ukimpeleka kulala kliniki, vitoto vyake vinabaki na njaa mahali usipopajua. Na si wa kusubiriwa sana pia: mimba yao ni wiki 9 tu, na binti wa miezi minne au mitano anaweza kushika. Anayekatwa uzazi hukatwa na ncha ya sikio akiwa bado kwenye dawa ya usingizi, ili umtambue kwa mbali usimtege tena bure.

Kelele za usiku zimepungua mno na ule mkojo mkali wa madume umeisha. Wamebaki wakazi walewale, kila mmoja na pembe yake, na mgeni akiingia wanamfukuza wenyewe.

Amebaki jike mmoja mweusi. Aliona wenzake wakinaswa, sasa kizimba anakizunguka tu. Kwake natayarisha tenga, lile la kunasia kuku, limeegeshwa na kijiti chenye kamba ndefu niivute nikiwa jikoni. Wakati huo huo kazaa tena nyuma ya tangi. Vitoto nilivichukua vimeanza kutembea, viko chooni vinalishwa kwa kidole samaki aliyesagwa, mara nyingi kwa siku, watoto wakipokezana kuvipakata. Siku ya kwanza vilinitemea mate vyote. Sasa kimoja kinalala shingoni mwa binti yangu, na muuza duka wa kona keshakiwekea oda, anataka wa kumlindia mchele.